Mvua Ikifunga Mpanda: Kwa Nini Hela za Nyumbani Hazifiki Mwezi wa Pili

Siku moja mwezi wa pili tulikuwa wanne chumbani hosteli, umeme umekatika, tunaangalia video kwenye simu ya mwenzetu mmoja. Ilikuwa ya mji mdogo huko Kanada. Theluji imepanda hadi usawa wa dirisha, mzee mmoja anachimba njia kwa beleshi ili atoke mlangoni kwake. Jamaa yetu wa Dar akauliza, "Sasa hawa wanaishije? Miezi minne wamefungiwa, wanakula nini?" Nikajibu bila kufikiria, "Kama sisi Mpanda." Wote wakacheka. Walidhani natania.

Sikuwa natania. Theluji ya kudumu ya Tanzania iko kileleni Kilimanjaro tu, na huko kwetu Katavi hakuna aliyewahi kuiona ikianguka. Lakini mji mdogo, msimu mrefu unaobana njia, na watu wanaoishi kwa kile walichoweka kabla msimu haujaingia, hayo nayajua tangu utotoni. Tena wiki ileile jina langu lilikuwa limebandikwa kwenye orodha ya wasiomaliza ada, na UE ilikuwa imebaki siku kumi na mbili. Ile video na ile orodha vilikuwa na uhusiano, ila nilishindwa kuwaeleza wenzangu usiku ule. Najaribu kueleza hapa, kwa sababu naamini sipo peke yangu.

Msimu mmoja, siyo miwili

Tuanze na mvua zenyewe. Aliyekulia Dar, Tanga, Moshi au Zanzibar anajua mwaka una mvua mbili: vuli, kuanzia kama Oktoba hadi Desemba, halafu masika, Machi hadi Mei. Katikati yake, Januari na Februari, kunakuwa na jua kali na upepo wa kaskazi. Mkulima wa huko vuli ikimtupa, anaisubiri masika.

Katavi hatuna mpangilio huo. Ukisikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, utasikia wakitaja maeneo yanayopata "mvua za msimu", yaani mvua moja ndefu kuanzia Novemba hadi Aprili. Katavi imo humo, pamoja na Tabora, Kigoma, Rukwa, Songwe, Mbeya, Ruvuma, Dodoma, Singida na mingineyo. Wazee wengi wa magharibi wanauita msimu huo kifuku. Baada ya hapo, kuanzia Mei hadi Oktoba, ni kiangazi tupu. Mwezi wa saba na wa nane unaweza usione hata wingu la kukudanganya.

Kinachoshangaza ni kwamba Mpanda na Zanzibar ziko karibu usawa mmoja kutoka Ikweta, kama nyuzi sita na kidogo kusini. Sasa tofauti inatoka wapi? Kuna ukanda wa mvua unaolifuata jua. Jua likienda kusini mwishoni mwa mwaka, ukanda nao unashuka kusini. Jua likirudi, nao unarudi. Pwani unapita mara mbili, ukienda na ukirudi, ndiyo maana wana vuli na masika. Magharibi mambo ni tofauti, kwa sababu Januari na Februari kunaingia hewa yenye unyevunyevu kutoka upande wa misitu ya Kongo. Kwa hiyo wakati Zanzibar wanaota jua, Mpanda mvua inaendelea kupiga. Ile nafasi ya katikati inazibwa, na mvua mbili zinakuwa moja.

Hili si somo la jiografia tu. Mvua moja maana yake mavuno ni mara moja. Mavuno mara moja maana yake hela ni mara moja. Ukilielewa hilo, yote yanayofuata utayaelewa.

Novemba: hela inaingia ardhini

Kiangazi kikiisha, Mpanda inakuwa nyekundu. Vumbi liko kwenye mapaa, kwenye majani ya miembe, kwenye kola ya shati. Maembe yanauzwa kila kona, kwa ndoo, na watu wanaangalia juu. Mvua ya kwanza ikishuka, usiku ule kumbikumbi wanatoka na watoto wanakesha kwenye taa na mabeseni ya maji. Baada ya hapo mji unabadilika ghafla. Hata mwalimu, fundi cherehani na karani wa ofisini, wote wana shamba mahali: Kakese, Mwamkulu, Magamba, au mbali zaidi upande wa Nsimbo na Mpimbwe. Mji wetu ni manispaa, lakini Novemba ukimtafuta fundi wako wa pikipiki unaambiwa yuko shamba.

Na shamba linataka hela kabla halijatoa hela. Kuna trekta au ng'ombe wa kulimia. Kuna mbegu. Kuna mbolea ya kupandia, na wiki chache baadaye ya kukuzia. Tangu msimu wa 2022/23 kuna mbolea ya ruzuku kwa mkulima aliyejiandikisha, na imesaidia kweli, lakini ruzuku siyo bure. Kuna vibarua wa palizi, ya kwanza na ya pili. Kuna dawa ya viwavijeshi vamizi, wale walioingia nchini 2017 na mpaka leo hawajaondoka. Mpunga nao una mambo yake: kitalu Desemba, kupandikiza Januari hadi Februari, miguu ndani ya maji kutwa nzima. Kwa wanaolima tumbaku, miche ilishaanza kwenye vitalu tangu kiangazi, na sasa inahamishiwa shambani.

Angalia sasa kalenda ya chuo. Tunafungua Oktoba au Novemba. Ada ya awamu ya kwanza, nauli, kodi ya chumba, vyote vinadaiwa wakati uleule mzazi anapotakiwa kununua mbegu na mbolea. Wengi wanafanikiwa kuivuka hiyo Novemba, kwa sababu mazao ya Juni bado yamebaki kidogo ndani. Kizingiti kigumu kinakuja mbele.

Mji wa tope

Mtu akiniuliza Mpanda Januari ikoje, naanza na sauti. Nyumba nyingi ni za bati na hazina dari. Mvua ikipiga kweli, hamsikilizani. Pale Makanyagio nilipokulia, mkiwa mnakula, mazungumzo yanasimama na kila mtu anatazama sahani yake. Shuleni ilikuwa hivyohivyo. Mwalimu anaweza kuwa katikati ya sentensi, mvua ikashuka, akageuka akaanza kuandika ubaoni tu, au akaketi akatungoja. Kuna vipindi vya hesabu nilivyosoma kwa macho bila kusikia neno.

Halafu tope. Barabara kuu zina lami, ila ukiingia mitaani ni udongo unaoshika kiatu na kukivua. Bodaboda wanapandisha nauli, na huwezi kuwalaumu: wakati mwingine abiria anashuka kusukuma. Gambuti zinauzwa kuliko viatu vya ngozi. Mama anafua sare za wadogo zangu Ijumaa jioni ili hadi Jumatatu ziwe zimekauka, na kama jua halijatoka kabisa zinatandazwa kwenye kamba juu ya jiko, kwa hiyo watoto wanaenda shule wananuka moshi wa mkaa. Mkaa wenyewe unakuwa na unyevu na bei inapanda, maana wachomaji hawawezi kuutoa porini.

Radi nazo. Wingu likianza kunguruma, bibi anatuambia tuzime redio, tufunike kioo, na aliyevaa nyekundu abadilishe. Habari ya kioo na nguo nyekundu ni imani tu, lakini kuepuka kukaa chini ya mti mrefu na kuchomoa vifaa vya umeme ni akili. Umeme wenyewe kwa miaka mingi Mpanda ulitoka kwenye jenereta za dizeli, kwa hiyo tulishazoea kulala na kibatari au tochi ya simu.

Na malaria. Katavi ni miongoni mwa mikoa ambayo ugonjwa huu bado uko juu, na kadiri madimbwi yanavyoongezeka ndivyo foleni ya vipimo inavyorefuka kwenye zahanati. Mtoto akiugua wakati wa palizi, familia inapoteza vitu viwili: hela ya matibabu na siku za kazi za mama anayemuuguza.

Nisije nikaonekana nalalamika tu. Kifuku kina raha zake. Mboga zinajaa: majani ya maboga, matembele, mlenda, kisamvu. Uyoga unatoka porini kwenye miombo, na akina mama wanakaa kando ya barabara na mabeseni yamejaa. Uyoga uliopikwa kwa karanga, na ugali wa dona, mvua inapiga nje: chakula hicho siwezi kukibadilisha na chipsi yoyote ya hapa chuoni. Mji wote unakuwa kijani, hata vichaka vya nyuma ya stendi.

Njia zikibanwa

Mpanda ilikua kwa sababu ya njia. Reli ya kutoka Kaliua, kama kilomita 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kusafirisha madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa jirani na mji. Mgodi ule ulifungwa zamani, reli ikabaki, na kwa vizazi vingi treni ndiyo ilikuwa mlango wetu wa kwenda Tabora na ulimwengu mwingine. Bado inapita kwenye misitu na juu ya Mto Ugalla, na bado ni usafiri wa mtu mwenye magunia na mfuko mwepesi. Ila reli iliyojengwa juu ya udongo inaogopa maji. Mvua zikizidi, tuta linaweza kusombwa, na safari zinasimama mpaka mafundi warekebishe.

Barabara nayo ina historia yake. Kabla ya lami ya Tabora hadi Mpanda kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020, safari ya masika ilikuwa ya kuandikia wosia. Basi linapita Sikonge, Ipole, halafu Koga, na Koga ukiwa umejaa mnalala hapohapo porini na watoto na kuku, mkisubiri maji yapungue. Wanafunzi waliotutangulia walikuwa wakiondoka nyumbani wiki moja kabla ya chuo kufunguliwa, kwa tahadhari tu. Lami imetutoa mbali, na tuseme ukweli: leo mtu anafika Tabora siku hiyohiyo.

Lakini lami imetuunganisha na nje. Haijaunganisha shamba na mji. Barabara za vijijini bado ni udongo, na sehemu nyingi ni ule udongo mweusi wa mbuga unaogeuka gundi. Ukitaka kuona athari, nenda soko la Buzogwe ukaulizie samaki. Dagaa na migebuka wetu wanatoka Ziwa Tanganyika, pande za Karema na Ikola. Gari likikwama siku mbili njiani, dagaa waliokaushwa wanalowa na migebuka inaharibika. Mama yangu anauza samaki pale sokoni. Kuna wiki za Februari anaondoka nyumbani na beseni tupu, anakaa kwenye meza yake mpaka saa sita, anarudi na beseni tupu. Anasema anakwenda "kulinda nafasi".

Hata utalii unafunga. Hifadhi ya Taifa ya Katavi iko karibu sana nasi. Ukifika Sitalike umefika. Kiangazi Mto Katuma unakauka, na viboko wanabanana kwenye madimbwi machache kama abiria wa daladala ya asubuhi. Ndicho wageni wanakuja kukitazama. Mvua zikianza, mbuga za Katisunga na Chada zinajaa maji, wanyama wanatawanyika, magari hayapiti, na kambi nyingi zinafungwa hadi mvua ziishe. Kijana aliyekuwa anapika au kuosha magari kwenye kambi anarudi mjini kusubiri.

Mwezi wa pili

Sasa tumefika kwenye mwezi wenyewe. Februari Mpanda ina kila kitu isipokuwa chakula cha uhakika na hela. Ukipita barabarani utasema hapa kuna utajiri: mahindi yamefika kifuani, mpunga umekaa kama zulia, tumbaku ina majani mapana kama sinia. Mgeni hawezi kuamini kwamba ndani ya nyumba hizo debe la mahindi linapimwa kwa macho kila asubuhi.

Ni kwa sababu yale yaliyoko shambani bado hayajawa chakula, na yaliyoko ndani yanakaribia kwisha. Mahindi mabichi ya kuchoma yanaanza kuonekana mwezi huo au Machi, na ndiyo yanawaokoa wengi. Mavuno ya mahindi na mpunga ni Mei na Juni. Tumbaku inachumwa jani kwa jani, inakaushwa kwenye mabani kwa kuni, inapangwa kwa madaraja, na kuuzwa kupitia chama cha msingi kuanzia kama Mei. Na siku ya kuuza na siku ya kulipwa siyo lazima iwe moja.

Tufanye hesabu ya mfano, siyo takwimu. Chukua familia ya watu sita iliyovuna magunia ishirini mwezi wa sita. Mtu mzima anakula karibu gunia moja kwa mwaka, kwa hiyo weka saba ya kula. Yanabaki kumi na tatu. Mwezi wa saba kila mtu anauza, bei iko chini. Tuseme gunia ni elfu hamsini. Februari gunia hilohilo linaweza kuwa elfu themanini. Mwenye akili ya biashara atasema, "Si asubiri Februari auze?" Wazo zuri. Lakini mwezi wa saba kuna deni la mbolea la msimu uliopita, kuna bati la kuezeka kabla ya mvua, kuna mtoto wa kidato, kuna harusi na msiba, na kuna wewe wa chuo unayetaka ada Oktoba. Anauza kwa hamsini kwa sababu shida hazikusubiri bei.

Februari mambo yanageuka: familia ileile iliyouza kwa hamsini sasa inanunua kwa themanini. Na kama haina hela, inafanya jambo baya zaidi: inauza mpunga ukiwa bado shambani. Mfanyabiashara anakuja, anaangalia jaruba, anatoa hela kidogo leo ili achukue magunia mwezi wa sita kwa bei aliyoitaka yeye. Mzazi anajua anapunjwa. Anakubali kwa sababu ya homa ya mtoto, au kwa sababu ya ada.

Ujumbe niliotuma

Hapo ndipo niingie mwenyewe. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na mkopo wa Bodi, lakini haukufunika ada yote. Bumu lilikuwa limekwenda kwenye chumba na chakula. Awamu ya pili ya ada haikuwa imelipwa, tangazo likatoka: asiyemaliza haingii kwenye mtihani. Nikampigia mzee. Akaniambia, "Mwanangu, nivumilie mpaka tuvune." Mimi nikiwa na hofu yangu, nikamjibu kwa ujumbe mrefu, maneno ambayo mtoto hampelekei baba yake. Niliandika kwamba wenzangu wote wazazi wao wamelipa, kwamba kila mwaka ni habari ileile, kwamba labda hakutaka nisome.

Hakujibu. Siku tatu baadaye hela ikaingia. Nikalipa, nikafanya mtihani, nikafaulu, maisha yakaendelea. Nilikuja kujua Julai nilipofika nyumbani. Tulikuwa tunapakia magunia kwenye mkokoteni, nikamuuliza mama mbona mpunga wa kule Kakese haupo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Ule ulishakwenda chuo." Mzee aliuza jaruba zima likiwa kijani, kwa hela ambayo mwezi wa sita ingekuwa bei ya sehemu ndogo tu ya magunia yale. Familia ilikula mahindi matupu mwaka ule, na wali ulipikwa Krismasi.

Mzee mwenyewe hajawahi kuligusia jambo hilo, nami sijawahi kujua jinsi ya kuomba msamaha kwa ujumbe ambao hakuujibu. Ndiyo maana naandika. Nilisoma jiografia hadi kidato cha sita, naweza kukuchorea ukanda wa mvua kwa chaki, na bado sikuunganisha mvua ile na ujumbe ule.

Tufanye nini

Kwanza, kwa sisi tunaotoka mikoa ya mvua moja. Ongea na nyumbani mwezi wa saba na wa nane, siyo wa pili. Hapo ndipo hela ipo na bado haijagawanywa. Kama ofisi ya fedha inaruhusu mwanafunzi anayeendelea kupata kontroli namba mapema, ilipie ada hata nusu ya awamu ya pili kipindi hicho. Kama hairuhusu, ombeni nyumbani yatengwe magunia ya ada, yawekwe kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa ili wadudu wasiyaguse, yauzwe Januari au Februari bei ikiwa juu. Magunia matatu yaliyosubiri yanaweza kufanya karibu kazi ya matano yaliyouzwa kwa haraka. Na bumu likiingia mwezi wa kumi na moja, kumbuka kuna Februari.

Pili, ukiona utakwama, nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi kabla tangazo halijatoka, na uende na maandishi. Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayosema mzazi ni mkulima na anatarajia kuvuna lini ina uzito kuliko machozi ya siku mbili kabla ya mtihani. Mimi sikufanya hivyo. Nilikimbilia simu kwa sababu kumkaripia baba ilikuwa rahisi kuliko kupanga foleni ofisini.

Tatu, kwa serikali yetu ya wanafunzi. Kila mwaka tunapeleka malalamiko ya jumla kwamba ada ni kubwa na muda ni mfupi, na kila mwaka tunajibiwa kwa jumla. Tupeleke hoja yenye kalenda. Ratiba ya awamu mbili inamfaa mzazi wa mshahara, anayepata kidogo kila mwezi. Mzazi wa Katavi, Rukwa, Songwe au Tabora anapata mara moja kwa mwaka, kati ya Juni na Agosti. Tuombe mwanafunzi wa mkulima aliyejaza fomu mapema, kwa uthibitisho, aruhusiwe kufanya mtihani na kumaliza deni ifikapo mwisho wa Agosti, na matokeo yake yazuiliwe mpaka alipe. Chuo hakipotezi hela. Kinaisubiri miezi michache, kama mkulima mwenyewe anavyosubiri. Orodha ya wanaohitaji tunaweza kuikusanya sisi wenyewe kupitia wawakilishi wa madarasa tangu Novemba.

Na mwisho, kwako mwenzetu wa Dar au Arusha. Ukimwona mwenzako wa Mpanda mwezi wa pili anakula mlo mmoja, anasema hana njaa, usimwambie wazazi wake hawajipangi. Muulize mvua zinaendeleaje kwao. Akikuambia zinanyesha vizuri, ujue ni habari njema, na ujue pia kwamba hana hela. Mkaribishe wali.

Juzi nilimpigia mzee. Alikuwa shamba, nilisikia matone kwenye turubai. Nikamuuliza mpunga ukoje. Akasema umesimama vizuri, maji yapo, palizi wamemaliza. Halafu akaniuliza, "Ada je?" Nikamwambia tulishailipa mwezi wa nane, baba, umesahau? Akacheka, simu ikakatika. Bila shaka ni mvua.